Kadi ya Mbuzi na Kondoo

"Usiniambie nitulie! Nimetulia tangu juzi, na utulivu wangu ndio mnaoukanyaga!" Wifi yake Mama Pacha alipiga kaunta kwa kiganja mpaka boksi la sindano likaruka. "Umeingia dukani kwangu, ukachukua chupa kwenye rafu yangu, ukaitumbukiza mkobani kama mwizi wa sabuni, na wateja wawili wamesimama pale wanakutazama. Unadhani wakitoka hapa wanakwenda kusema nini?"

"Watasema nimechukua chupa."

"Watasema hata ndugu zake wenyewe hawaiamini dawa yake!"

Mama Pacha hakuirudisha chupa. Alivuta zipu ya mkoba mpaka mwisho, akaupachika begani. Alikuwa fundi wa maabara ya mifugo, mama wa mabinti pacha wa darasa la sita, na mtu asiyejua kubembeleza. Mumewe alikuwa akisema mkewe hupiga hodi baada ya kuingia.

"Wifi, sikiliza," alisema. "Saa kumi leo wafugaji wanakutana hapo barazani kwako. Wakiamua dawa yako ni feki, wanapeleka barua wilayani, na duka linafungwa. Sasa unataka nikusaidie kwa maombi au kwa vipimo?"

"Nataka uniulize kabla ya kuchukua!"

"Haya. Naomba chupa."

"Sasa umeshachukua!"

"Ndiyo maana nimeomba."

Wifi aligeukia rafu na kuanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangika. Mumewe alikuwa amemwacha miaka tisa iliyopita na mkopo na kitanda kibovu, na duka hili la dawa za mifugo ndilo lililokuwa mume, shamba na pensheni yake. Alikuwa hajawahi kuuza chupa iliyopita tarehe. Sasa kwa wiki tatu watu walikuwa wakipita mbele ya mlango wake wakitema mate. Mbuzi walikuwa wakifa mtaa mzima, wamevimba chini ya taya kana kwamba wameficha yai mdomoni, ufizi mweupe kama chaki, na wote walikuwa wamenyweshwa dawa ya minyoo kutoka kwenye rafu hii.

Na aliyepoteza wengi kuliko wote alikuwa mama yake mzazi.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, mkongojo katikati ya magoti, akiwatazama wawili hao kama mtu aliyelipa kiingilio. Mbuzi wake kumi na mmoja walikuwa wamekwenda. Wa kumi na moja alikufa alfajiri hiyo, na Mama Pacha alikuwa amempasua uani, akafungua tumbo la nne, akakuta ndani yake minyoo imejaa kama tambi, kila mmoja amesokotwa mwekundu na mweupe, wameshiba damu. Aliwachota wazima mia mbili hivi, akawatia kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, na kwa kuwa chupa yake ya maabara ilikuwa imepasuka wiki iliyopita, aliwatia kwenye kitu cha kwanza alichokikuta jikoni.

"Mimi sina neno na chupa ya dawa," mama mkwe alisema. "Swali langu ni chupa yangu ya chai. Itarudi?"

"Itarudi, Mama. Nitaichemsha."

"Usiichemshe. Ibaki huko huko. Miaka yote hii nakunywesha chai kwenye chupa ile, mkwe wangu, hujawahi kuisifu. Leo minyoo imeipenda." Akagonga mkongojo sakafuni. "Nenda. Na ukirudi ukaniambia mwanangu ameniuzia maji ya bomba, useme mbele yake, usiniletee pembeni."

"Mama!" wifi alipaza sauti.

"Mama nini? Mbuzi ni wangu."

Mama Pacha alitoka. Mlangoni, kama kila siku, bega lake lilikaribia kugusa kadi kubwa iliyobandikwa ukutani, iliyovikwa nailoni ili isiloe, yenye picha ya mbuzi na kondoo wamesimama kitako kwa kitako. Hakuitazama. Kitu ulichokizoea miaka minane hukitazami.

*

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya vumbi, na mwisho wake kulikuwa na meza nzito ya zege iliyokalia mipira ya tenisi iliyokatwa nusu, ili lori likipita nje isitikisike. Juu ya meza hiyo kulikuwa na darubini, na nyuma ya darubini alikuwepo mtafiti ambaye kila mtu alimwita Bwana Sindano. Alikuwa mtu mpole mwenye macho mekundu. Kazi yake ilikuwa kugusa chembe hai moja ya msuli wa mnyoo kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, na kupima umeme unaopita.

Sindano zilitengenezwa na Mama Pacha. Minyoo ilipasuliwa na Mama Pacha. Bwana Sindano aliwahi kusema bila yeye angekuwa anasoma magazeti tu, na Mama Pacha alijibu kwamba basi jina lake liandikwe kwenye ripoti, na tangu hapo likaandikwa.

"Hawa wametoka wapi?" Bwana Sindano aliuliza, akichungulia ndani ya chupa ya chai.

"Kwa mama mkwe wangu. Fanya haraka, nina hasira."

Mama Pacha alianza na minyoo ya kundi la maabara, waliokuwa wakiwaita Wapole. Wapole walitunzwa kizazi baada ya kizazi ndani ya kondoo wawili ambao hawakuwahi kunyweshwa dawa yoyote ya minyoo. Alimchukua mmoja, asiye mnene kuliko uzi wa kushonea, akampasua kwa urefu kwa kipande cha wembe, akatoa utumbo, akamlaza chali na kumbana kwa pini. Misuli ikaonekana, safu kwa safu.

Kazi ya misuli ile ilikuwa moja. Mnyoo huyu huishi tumboni mahali chakula kinapopita saa zote kama mto, na asipojinyonganyonga na kujishikilia, anasombwa na kutokea na mavi. Kwa hiyo kwenye ngozi ya kila chembe ya msuli kuna milango midogo. Mshipa wa fahamu wa mnyoo ukitoa amri, milango inafunguka, chembe za chumvi zenye umeme zinaingia, msuli unakaza. Milango ikifungwa, unalegea. Kaza, legea, kaza, legea, ndiyo maisha yake yote. Dawa ya kwenye chupa ile haikuwa sumu kama watu walivyodhani. Ilikuwa ufunguo wa kughushi. Inafungua mlango na kuushikilia wazi, umeme unaingia bila kukoma, msuli unakaza mpaka mnyoo anakakamaa kama kijiti, na mto unamchukua.

Mama Pacha alichukua dawa kutoka kwenye chupa ya wifi yake, akaipunguza kwa maji ya chumvi mpaka ikalingana na unga safi wa dawa hiyo waliokuwa nao kabatini. Bwana Sindano akagusa chembe. Kwenye skrini mstari ulikuwa umelala. Tone likaingia. Mstari ukaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

"Sawa na unga wetu," Bwana Sindano alisema. "Hata kidogo haitofautiani."

"Dawa ni dawa!" Mama Pacha alipiga paja. "Nilijua. Wale watu wenye midomo kama mabomba yaliyopasuka! Leo saa kumi nitasimama pale..."

"Tuwaone wa mama mkwe kwanza."

Mama Pacha akampasua mnyoo kutoka kwenye chupa ya chai. Tone likaingia. Mstari ukajikunja kidogo, kama mtu aliyeitwa jina usingizini, ukarudi kulala. Mnyoo wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Wa tano.

"Labda wamekufa kwa safari," Bwana Sindano alisema.

"Hawajafa. Walikuja wa moto kuliko chai ya kwenu. Weka amri yao wenyewe."

Bwana Sindano akaweka tone la kemikali ileile ambayo mshipa wa mnyoo huitoa. Mstari ukaporomoka mpaka chini. Msuli ulikuwa hai kabisa. Milango ilifunguka kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Kwa ufunguo wa dawa iligoma, maana mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kitasa.

Mama Pacha alisimama, akavua glavu. Hasira ilikuwa tamu sasa, ilikuwa na mahali pa kwenda. Wifi yake alikuwa safi. Wafugaji wangelazimika kumeza maneno yao bila maji.

"Minyoo sugu," alisema, akifungua daftari la matokeo. "Dawa halali, minyoo sugu. Nigongee muhuri."

"Mbuzi hao walikuwa wakinyweshwa kipimo gani?" Bwana Sindano aliuliza, jicho likiwa bado kwenye darubini.

"Kipimo sahihi. Hawapunji. Mama mkwe hupima kwa bomba la sindano, na mizani anayo."

"Sahihi cha mbuzi au cha kondoo?"

"Cha..." Kalamu ya Mama Pacha ilisimama.

"Maana ini la mbuzi linaisafisha dawa hii upesi mno. Mbuzi anahitaji mara moja na nusu ya kondoo. Ukimpa cha kondoo, mnyoo anapata harufu tu ya dawa. Dhaifu wanakufa, wakorofi wanabaki wanazaana. Mmoja anataga mayai elfu kadhaa kwa siku. Ukiendelea hivyo miaka..." Akainua uso. "Vipi?"

Mama Pacha alikuwa akiiona kadi. Aliiona kama ipo mbele yake: nailoni, kalamu ya bluu na nyekundu, mbuzi aliyechorwa na pembe zilizozidi. Miaka minane iliyopita, diploma ikiwa bado inanuka wino, alikwenda kwenye duka jipya la wifi yake akaona watu wananywesha mifugo kwa kukisia, akachukia, akakaa chini akaandika. *MBUZI NA KONDOO*. Na chini yake safu moja ya uzito na safu moja ya mililita. Moja. Kwa wanyama wawili. Chuoni walifundishwa kwa kondoo, zizi la chuo lilikuwa na kondoo, na yeye, mwenye alama za juu darasani, aliona mbuzi ni kondoo mwenye ndevu.

"Kadi niliandika mimi," alisema.

Bwana Sindano akasema taratibu, "Wengi walifanya kosa hilo, Mama Pacha. Hata vitabu vya zamani. Andika 'minyoo sugu', inatosha. Si uongo. Hakuna atakayeuliza zaidi."

"Na ndiyo maana itakuwa uongo," alijibu, akafunga daftari kwa kishindo mpaka mstari kwenye skrini ukaruka.

*

Alitembea kwa miguu kurudi dukani, na njia nzima alikuwa akijitukana. Alijitukana kwa utaratibu, kama anavyofanya kazi zake zote. Alianza na wewe binti wa miaka ishirini na minne, mjuaji, kidomodomo, uliyekwenda kufundisha watu bila kufungua kitabu. Akaja kwa wewe mama mtu mzima, unayefundisha wanao kuhakiki hesabu mara mbili, umepita kando ya kadi ile mara ngapi? Watu walimpisha njiani. Alikuwa na sura ya mtu anayekwenda kupiga.

Baraza lilikuwa limejaa. Wafugaji kama thelathini, wengine wamekalia ndoo, wengine wameegemea ukuta, na mwenyekiti wao wa chama, mtu mwenye kofia pana na sauti ya mnadani, amesimama kwenye ngazi.

"Leta chupa nyingine dada!" mmoja alipiga kelele kuelekea dukani. "Hata ya kuogea, maana minyoo inaoga!"

Kicheko. Mama Pacha alizunguka akaingia kwa mlango wa nyuma. Wifi alikuwa amesimama katikati ya duka, mikono kifuani, macho makavu. Mama mkwe alikuwa palepale juu ya gunia.

"Sema," wifi alisema. "Sema upesi kabla sijatoka na panga."

"Dawa yako ni halali. Sawasawa na ya maabara. Minyoo ndiyo imekuwa sugu."

Wifi alishusha mikono. Kwa nusu dakika alionekana kama mtoto. Kisha hasira ikamrudia, safari hii na furaha ndani yake. "Ahaa! Sasa watanijua. Yule mwenyekiti na kofia yake, leo ataivua. Twende. Toka useme hivyo hivyo, sentensi moja tu, mimi nitamalizia."

"Kuna sentensi ya pili."

"Ipi?"

Mama Pacha alinyoosha kidole ukutani. "Kile kipimo ni cha kondoo. Mbuzi anataka zaidi. Miaka minane tumekuwa tukiwapa mbuzi kidogo, na minyoo ikajifunza. Niliandika vibaya."

Nje mtu aligonga ndoo kwa fimbo. Wifi aliitazama kadi, akamtazama yeye, akaitazama tena kadi.

"Nimewasomea watu kadi ile," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu. Asiyejua kusoma nimemsomea. Nimeapa kwa kadi ile."

"Najua."

"Nilikuwa nasema, wifi yangu ana diploma."

"Najua, wifi."

"Basi nyamaza!" Alimshika mkono, kucha zikazama. "Umeharibu, sasa nyamaza! Dawa ni halali, umepima, imetosha! Ukitoka na hiyo sentensi ya pili wataniua mimi, maana duka ni langu, ukuta ni wangu! Wewe utarudi kwenye mshahara wako. Hiyo kadi tutaichana usiku, nani atakumbuka?"

Mama Pacha hakuutoa mkono. Wifi alikuwa na haki ya kucha zile. Na alichosema kilikuwa na akili pia. Dakika mbili, sentensi moja, na duka linapona, na yeye anatoka shujaa.

Na kesho? Kesho watu wangeona aibu kwa kumsingizia, wangekuja kwa wingi kununua, na wangekwenda nyumbani kunywesha kipimo kilekile, maana kadi ilikuwa imeshahama ukutani zamani. Ilikuwa vichwani mwao. Ungeichana ya nailoni, ungeichanaje ile?

"Mkwe wangu," mama mkwe aliita. Sauti haikuwa ya mzaha tena. "Wamebaki kumi na tisa. Nimeambiwa niwanyweshe jioni hii, nilikuwa nasubiri tu mkutano uishe. Niwanyweshe?"

Akamwelekezea mkongojo.

"Nimeuliza. Niwanyweshe, au nisiwanyweshe?"

"Usiwanyweshe, Mama."

"Basi umeshasema sentensi ya pili. Imebaki kuisema kwa sauti." Akamgeukia bintiye. "Na wewe mwachie mkono. Mtu akitaka kujivua nguo mwenyewe, usimshike kanzu, utaichana bure."

Wifi aliachia. Hakuwa amesamehe. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la siku ya mapumziko.

Mama Pacha alikwenda ukutani. Pini za kadi zilikuwa zimeshika kutu, hazikutoka, akaivuta kwa nguvu mpaka plasta ya ukuta ikamwagika kwenye viatu vyake. Nyuma ya kadi ukuta ulikuwa na rangi mpya, mraba safi kabisa. Akaibana kwapani, akafungua mlango wa mbele kwa mguu.

Kelele zilimpokea. Mwenyekiti aliinua mkono. "Haya, mtaalamu amefika. Atuambie kama ni dawa au ni juisi."

"Ni dawa," alisema Mama Pacha. "Nimeipima leo na daftari la matokeo ninalo. Aliyemwita wifi yangu tapeli ataingia ndani kumwomba radhi, na aanze mwenye kofia." Minong'ono ilipanda, hakuisubiri ishuke. Aliinua kadi juu ya kichwa, mbuzi na kondoo wakawatazama wote. "Mnaijua hii?"

Waliijua. Mzee mmoja hata alianza kuisoma kwa kichwa, kilo kwa mililita, bila kuitazama.

"Mwandiko ni wangu. Na ni makosa. Hiki ni kipimo cha kondoo, kwa mbuzi hakitoshi, na ndicho kilichofuga minyoo isiyosikia dawa. Mwenye duka alisoma nilichoandika. Mbuzi wenu nimewaua mimi, kwa kalamu."

Mama Pacha alitoa mfukoni kalamu nene nyeusi ya kuandikia chupa za maabara, akailaza kadi juu ya ngazi, akapasua nailoni kwa kucha, akapiga magoti, akaanza kufuta neno *MBUZI*. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka, na alipofika kwenye ile picha yenye pembe zilizozidi akaifuta nayo.

"Jioni hii asinyweshe mtu mbuzi," alisema akiwa bado chini, sauti ikipita juu ya matusi yaliyokuwa yameanza kushuka kutoka pande zote. "Dawa ile tena kwa mbuzi, hapana, kipimo kikubwa wala kidogo. Kesho saa mbili mlete mavi mabichi maabara, kila zizi pakiti yake, tutapima nani atumie dawa gani. Bure." Akainuka, magoti yana vumbi la plasta. "Haya. Mliobaki na tusi, pangeni foleni. Mimi siendi popote."

Wa kwanza kwenye foleni, mkono kiunoni, alikuwa wifi yake.